Kuosha ni Bure

Mama Ratiba aliingia kazini hasira zimeshampanda. Ndiye aliyekuwa akipanga kazi pale kwenye kiwanda cha rangi, na mpango wake kila mtu aliujua: unaanza na nyeupe, unakuja njano, nyekundu, nyeusi unaiweka mwisho kabisa. Rangi iliyokolea humeza nyepesi iliyobaki, kwa hiyo lile pipa kubwa la kuchanganyia linaoshwa mara moja tu. Muoshaji ni mdogo wake, tumbo moja, na kuosha maana yake ni kuingia ndani ya pipa na kuvuta harufu ya dawa mpaka kichwa kizunguke. Siku hizi kifua kilikuwa kinambana. Daktari alishamwonya kwamba akizidi kuingia mle atajimaliza.

Sasa meneja kanunua programu. Anataka ratiba iliyo bora kuliko zote, si nzuri tu. Mama Ratiba alimweleza mpaka koo likamkauka: oda zikiongezeka kidogo, njia za kuzipanga zinafumuka kuwa mamilioni, na kompyuta ikizijaribu moja moja tutazeeka haijamaliza. Ndiyo maana watu hutafuta ratiba nzuri, wakaanza kazi. Meneja akasema huo ni uvivu wa kufikiri. Uvivu! Mtu mwenyewe hajui hata rangi inakorogwaje.

Programu ikahangaika siku kadhaa, mashine zimelala, hatimaye ikatema ratiba iliyoweza kuipata: nyeusi, nyeupe, nyekundu, tena nyeupe. Kila mteja angepata oda yake kwa wakati, meneja meno yote nje. Pipa lingeoshwa kutwa nzima. Mama Ratiba akafungua kwenye programu pale meneja alipojaza gharama, na penye kuosha akakuta sifuri.

"Si yupo, analipwa mshahara?" meneja akamwambia. "Kuosha ni bure."

Damu ikamchemka. Akashuka chini, akamkuta mdogo wake anavaa buti, anakohoa, wala halalamiki, mpole mpaka anaudhi. Akamwamuru avue. Akapanda nazo ngazi, akazibwaga mezani kwa meneja, juu ya ile ratiba.

"Kama ni bure, ingia wewe."

Meneja akachekacheka, akamwangalia kama naye anacheka. Hakucheka. Wakorogaji walishajaa mlangoni. Meneja akazisukuma buti kwa kidole, harufu ya dawa ikamwingia puani, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Anzeni na nyeupe," akasema.

Mama Ratiba akachukua buti za mdogo wake. Asante hakusema.