Surua Ilipoingia Nyumba Yenye Meeta

Walisema nimevunja meeta. Maneno hayo yalinifuata mpaka jikoni, hata nikikoroga uji nilikuwa nayasikia.

Meeta kwetu Wairaqw ni kutengwa kwa nyumba iliyofiwa na mtoto: usipite njia ya watu, usiombe moto kwa jirani, ng'ombe wako wasinywe na wa wenzako. Felisiani wangu alikufa kwa surua mwaka 1983. Meeta haijaisha, mdogo wake Lusia naye akatoka vipele, akawa anahema kwa shida. Watoto wa jirani yangu Marsela walikuwa na surua ile ile, na walishaanza kucheza.

"Wa Marsela wanacheza, wangu wanakufa," nilimwambia mama mkwe.

"Jiulize miguu yako ilipita wapi," akanijibu.

Zahanati iko ng'ambo ya barabara, na barabara ni ya watu. Kwa aibu nilitaka tukae tu ndani. Kisha mtoto akakataa hata maji. Nikambeba mgongoni, nikatoka mchana kweupe.

Marsela na wenzake walikuwa wanapalilia maharage yake kando ya barabara. Akawavuta watoto wake. "Mama Lusia! Si ungezungukia bondeni?"

"Bondeni hakuna dawa."

"Basi pita upesi, usije ukanikaushia maharage!"

Wenzake wakacheka. Mimi nikatazama chini.

Mganga wa zahanati alimchoma Lusia sindano ya kifua, akaniuliza kama kwetu kuna wengine waliozidiwa na surua hivi. Nikasema kwa sauti ndogo: watoto wawili wa kaka yangu Hhando walikufa. Mume wangu Tluway, aliyekuwa amenifuata, akainama. "Na wadogo zangu wawili. Mama hapendi tuwataje."

"Virusi ni vile vile vya kwa jirani," mganga akasema. "Miili ndiyo haifanani. Nadhani wenu wamerithi kinga dhaifu kwa ugonjwa huu, kwa mama na kwa baba. Hakuna aliyevunja kitu."

Lusia alipona, ila sikio moja halisikii. Aibu yangu haikupona. Uvumi ningeukana, damu nitaikanaje? Lakini binti za Hhando wameanza kuolewa, nao watazaa wa damu hii hii, ndiyo maana nawaandikia.

Msimpeleke mtoto penye surua, hata kama ni kwa shangazi.
Msikwepe chanjo, ila mwambieni mganga kwanza habari za ukoo, apime kama inamfaa mtoto.
Msiwafiche waliokufa, wa kwetu wala wa kwa mume.
Msingoje kwa kuwa wa jirani amepona.
Msimnyime mgonjwa maji.
Msikae ndani kwa ajili ya meeta wakati mtoto anahema vibaya.