Ukuta wa Upande wa Kitanda

Mtoto ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba ukuta unatoka jasho. Alikuwa amelala chali kitandani kwake, akilifuata kwa kidole doa la unyevu kutoka sakafuni hadi usawa wa mto. Kisha akakohoa kile kikohozi chake kikavu, na mama yake akasimamisha cherehani.

"Usiushike huo. Sogea huku."

"Nisogee wapi, mama?"

Kweli, hapakuwa na pa kusogea. Chumba kilikuwa kimoja tu: kitanda cha wazazi, pazia, kitanda cha mtoto, cherehani chini ya dirisha, na jiko juu ya kiti kilichokatika egemeo. Vitu vilikaa humo kama mwili ndani ya nguo iliyobana; ukivuta huku, kunafumuka kule.

Baba wa mtoto alikuwa fundi rangi, na si fundi wa kubahatisha. Akiitwa kazini, kabla hajafungua kopo hata moja hubandika kipande cha nailoni ukutani, akakizungushia tepe pande zote, akaenda zake. Kesho yake akikuta matone ndani ya nailoni, hukunja vifaa. "Mzee, ukuta wako umelowa," humwambia mwenye nyumba. "Nikiupaka leo utanitukana mwaka mzima. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi." Kazi nyingi zimempita kwa sababu ya kile kipande cha nailoni, na hajawahi kuzijutia.

Nyumbani kwake hakubandika nailoni hata siku moja. Nyumbani aliamini.

"Safari hii napiga rangi ya mafuta," alisema jioni ile, huku akimnyanyua binti yake juu kama gunia la pamba. "Mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Mtaona wenyewe. Ukuta utang'aa mpaka mwanangu ajitazame uso."

"Maji yanapanda kutoka chini, baba," mkewe alisema bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akikunja. "Nyumba imekalia tope. Hata ukipiga mikono kumi."

"Haya, Mama Haiwezekani ameshaanza."

"Na Bwana Itakuwa je, atanyamaza lini?"

Walicheka wote wawili. Majina hayo walipeana tangu uchumba. Enzi hizo mke alipenda kumsikia mumewe akisema "itakuwa tu," kwa sababu kwao, alikokulia, hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo. Alidhani wataishi hivyo: mmoja ashike kamba ya tiara, mwingine alitazame linavyopaa. Hakujua kwamba mwenye kushika kamba huchoka mikono.

"Dada ameniambia tena habari ya kile chumba," alisema walipomaliza kucheka.

Dada yake mkubwa alikuwa na saluni mtaa wa pili, na nyuma ya saluni kulikuwa na chumba kidogo kinachopigwa na jua tangu asubuhi. Kikavu, sakafu ya saruji, madirisha mawili. Muuguzi mmoja alikuwa akikiulizia, lakini dada akasema damu yake kwanza.

"Tukabanane kwa shemeji kama mizigo? Nipe nafasi, mke wangu. Nipake kwanza. Ukiona doa, hata moja, nabeba kitanda cha mtoto kichwani mwenyewe."

Mkewe akakubali. Si kwa sababu alimwamini. Alikubali kwa sababu ya neno "nabeba".

Mumewe aliufanyia kazi ukuta ule kama wa mteja mkubwa. Aliukwangua, akauziba nyufa, akaupiga msasa mpaka nyusi zake zikawa nyeupe. Kulikuwa na kiangazi kikali wakati huo. Mama na mtoto waliporudi kutoka saluni, walikokwenda kukimbia harufu ya rangi, walikuta ukuta umenyooka, mweupe, unaakisi dirisha. Mtoto alijitazama kweli, akatoa ulimi.

Na kikohozi kikapungua. Usiku wa kwanza mama alifikiri ni bahati tu. Lakini siku zilivyozidi kwenda, mtoto alilala mdomo umefumba, pumzi zinakwenda na kurudi bila kukwaruza, na mama akajikuta ameketi kwenye cherehani hashoni, anasikiliza kimya.

Dada alipokuja mwenyewe kuuliza, alisimama mlangoni, funguo mkononi. "Mdogo wangu, nambie leo. Muuguzi kachoka kungoja. Mwahamia au hamhamii?"

"Ngoja kidogo, dada."

Alirudi ndani. Kwenye mfuko wa vifaa vya mumewe kulikuwa na nailoni na tepe. Alivitoa. Alijua kazi yenyewe. Alikuwa ameiona mara nyingi. Kipande kimoja, pembe nne, kisha kusubiri mpaka kesho, na dada angesubiri mpaka kesho. Alikiweka ukutani, juu kidogo ya mto. Rangi ilikuwa laini na baridi chini ya vidole. Mtoto alikuwa usingizini, na hakukohoa.

Maisha yake yote alikuwa akipima: vitambaa, watu, ahadi. Leo hakutaka kupima. Alikunja nailoni, akairudisha mfukoni.

"Mpe muuguzi," alimwambia dada yake.

"Una hakika? Wewe?" Dada alimtazama kama mtu aliyekosea nyumba. "Ama kweli, ndoa inabadili watu."

Mumewe alipopata habari hiyo alimkumbatia mbele ya dirisha lililo wazi, hakujali jirani. "Nilijua," alisema. "Nilijua ipo siku."

Mvua zilipoanza, ukuta ulibaki mweupe. Hakukuwa na doa. Ila asubuhi moja, mama akitandika kitanda cha mtoto, mkono wake uligusa kitu laini. Rangi ilikuwa imevimba, lengelenge kubwa kama kiganja, na pembeni yake mengine madogo. Alibonyeza. Kitu kikacheza ndani.

Alichomoa sindano aliyokuwa ameichomeka kifuani mwa blauzi, akatoboa.

Maji yalitoka kwa uzi mwembamba, ya kijivu, yananuka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye beseni. Yaliteremka juu ya ule weupe, yakaingia kwenye mto. Aliusogeza mto. Yaliendelea.

Nyuma yake mtoto akakohoa. Na alipokumbuka vizuri, alikuwa amekohoa jana pia, na juzi, na yeye akasema ni vumbi.

Alikwenda saluni bila mwavuli. Hakufika hata mlangoni. Kwenye dirisha la nyuma lilikuwa limetundikwa pazia jipya la maua, na kwenye kamba sare nyeupe ilikuwa imesahaulika mvuani. Dada alimwona kupitia kioo, akaacha kusuka, akafungua mdomo. Yeye akamwashiria kwa mkono kwamba hapana, hakuna neno, akageuka.

Nyumbani alimkuta mumewe amerudi. Mvua ilikuwa imewafukuza kazini. Alikuwa amepiga magoti kitandani, uso karibu na ukuta.

"Nani kalitoboa hili?"

"Mimi."

"Kwa nini, mke wangu?" Hakuwa na hasira. Bora angekuwa nayo. "Lingekauka lenyewe taratibu. Sasa hewa imeingia. Umeliharibu."

Alimtazama. Alitaka kumuuliza kuhusu nailoni, kuhusu wale wenye nyumba aliowakatalia, kuhusu kitanda alichosema angekibeba kichwani. Lakini kitanda kingebebwa kwenda wapi? Mlango wa kile chumba aliukataa kwa mdomo wake mwenyewe.

"Kiangazi kikirudi tunapiga tena," mumewe alisema, akianza kukwangua. Rangi ilibanduka vipande vizima, kama maganda. "Rangi nyingine. Kuna moja mpya naisikia. Itakuwa tu. Au unasemaje?"

Mtoto alikohoa, akatema kwenye kitambaa, akatulia.

Mama alikivuta kitanda mpaka kikagonga cherehani, ikabaki nafasi ya mtu kusimama upande. Kisha akaokota kikwangulio cha pili, akaanza upande wa chini.

Mumewe aliona, akatabasamu, meno yote nje. "Unaona? Hata wewe umeanza kuamini."

Mama aliendelea kukwangua, na maji yakamteremkia kwenye mkono hadi kwenye kiwiko.