Tundu la Nne

Bisibisi ilizama kwenye chuma bila kusukumwa, na Mshono akajua kwamba tundu la tatu limepatikana.

"Na hapa pameoza," alisema. "Mkunga, hii fremu ilikuwa inakubeba kwa huruma tu."

Mkunga, aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, alicheka, kisha akaitazama baiskeli yake. Baiskeli hii ya milimani ndiyo iliyomfikisha kwa wajawazito wa kule juu, ambako gari halipandi. Kesho asubuhi alikuwa anasubiriwa na mama wa mapacha.

"Itapona?"

"Itapona leo."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja jina lake. Hawakumwita Mshono bure. Shaba aliyoiyeyusha ilitulia kwenye chuma kwa mstari mmoja ulionyooka kama uzi wa cherehani, na hakuna mteja aliyewahi kurudi na fremu iliyofumuka. Kilichomtatiza hakikuwa chuma. Alikuwa baba yake, fundi wa kwanza wa karakana hii, aliyekaa mlangoni na koti lake la kazi, ingawa mikono yake inayotetemeka ilikwisha kumstaafisha.

Mwisho wa bomba la nyuma, karibu na ekseli ya gurudumu, palikuwa na tone la shaba lililopigwa tupa vizuri. Mshono aliujua mkono ule. Mtengenezaji alikuwa ameacha kijitundu hapo ili bomba lipumue na maji yachuruzike. Miaka miwili iliyopita Baba alikiziba, zawadi kwa mkunga. Maji yaliyopenya kwenye maungio yakakosa mlango wa kutokea, yakakaa humo yakikila chuma kutoka ndani. Sasa mtu anamwambiaje baba yake kwamba zawadi yake nusura imwangushe mama wa watu bondeni?

"Mshono, mficha uchi hazai," mkunga alisema. "Kuna nini?"

"Kazi tu."

"Ziba yote," Baba aliagiza kutoka mlangoni. "Mimi sijawahi kumkabidhi mtu kitu chenye tundu."

"Sawa, Baba."

Alisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Akakata viraka vitatu kutoka kwenye fremu kuukuu, akavikunja vikalalia bomba sawasawa, akawasha gesi. Kiraka cha kwanza kilishika. Cha pili kikashika. Cha tatu alikizunguka taratibu mpaka ikabaki nafasi ya punje ya mahindi. Akadondosha shaba, ikaziba, halafu ikatemwa. Akarudia. Ikatemwa tena.

"Una haraka," Baba alisema.

"Hebu njoo basi, Baba, uniangalizie."

Alikuja, akainama. Mara hii shaba ilivimba mbele ya macho yake, ikapasuka. Mzee aliganda. Alikuwa mkaidi, lakini fundi ni fundi. Kidole gumba chake kilifuata bomba kurudi nyuma, mbali na moto, hadi kikaligusa lile tone lake mwenyewe.

"Hewa imepata moto," alisema polepole. "Haina pa kutokea."

"Haina."

"Na maji nayo."

Mshono alizima gesi. Alikuwa na hakika tangu mwanzo, na bado alitamani awe amekosea.

"Kumbe ni mimi." Baba alimgeukia mkunga. "Nilikuzibia kwa mapenzi, mwanangu, kumbe nakuharibia."

"Mzee wangu, sijaanguka, mbona meno yangu yote yapo!" mkunga alisema, akamwonyesha.

Baba alicheka bila kutaka. Halafu akanyoosha mkono. "Keekee."

Mshono alimpa chombo hicho cha kutobolea. Ncha iliteleza juu ya lile tone la shaba mara moja, mara mbili. Angeweza kuichukua akamaliza kwa pumzi moja. Hakuichukua. Aliweka kiganja chini ya kiwiko cha baba yake, akakishikilia, mpaka ncha ikauma na vumbi la njano likaanza kudondoka.

Akawasha gesi tena. Alipodondosha tone la mwisho, Baba alikinga kiganja mbele ya kile kijitundu. Shaba ilitulia, wekundu ukafifia, ikashika.

Mkunga alisimama kutafuta kofia yake. Baba hakuondoa mkono. Pumzi ya moto ilikuwa bado inatoka, kidogo kidogo, naye akawa anageuza kiganja chake mbele ya tundu hilo la nne, upande huu na upande ule.