Fukusi wa Mkwe Wangu

Ati mtaalamu. Ngatia, kijana aliyekuja kumwoa Kagure wangu, alikuwa na diploma ya kilimo na kalamu tatu mfukoni mwa shati, na sikuona hata moja ikiandika kitu cha maana.

Mimi nimeuza mchele Karatina tangu Kagure akiwa mgongoni. Mwaka wa tisini na nne niliweka kando magunia sita ya mchele wa Mwea, ule unaonukia, kwa ajili ya harusi yake ya Desemba. Harusi bila mchele ilikuwa aibu kubwa. Watu wangesema umewalisha githeri, mahindi na maharagwe tu, kama siku ya kulima. Aprili nikaona fukusi kwenye gunia moja. Nilitaka kuanika juani na kupepeta, kama siku zote. Ngatia akakataa. Alisema hayo ni mambo ya kizamani, kwamba maua ya pareto na majani ya mubangi, lile gugu linalonuka la shambani, yana dawa inayoua fukusi, na kwamba angefanya utafiti hapo hapo stoo yangu. Nikamwachia. Ujinga huo ni wangu, naukubali.

Kila Jumatatu alimwaga fukusi kwenye karai, akawanyunyizia unga wake, akahesabu maiti. Walio hai aliwarudisha kwenye gunia, taratibu, kwa mikono yake, wazaane apate wengine wa kupima. Kutafuta wapya sokoni ilikuwa kazi chafu kwa mtu wa kalamu tatu. Mwanzoni walikufa karibu wote. Agosti walikufa nusu. Kufika Novemba walikuwa wanatembea juu ya pareto kama sisi juu ya vumbi, wamejaa magunia yote sita na stoo za majirani pia, na Mwea walikuwa bado hawajavuna mchele mpya wa kununua.

Mimi sikusoma, lakini nimefuga. Ng'ombe akipona ndigana, ule ugonjwa wa kupe, huyo ndiye tunayemzalisha, ili ndama wake nao wapone. Kila mama wa Mathira anajua hilo. Huyu alisoma miaka mitatu, akawafanyia fukusi vile sisi tunawafanyia ng'ombe, na hakujua anafanya nini.

Nilipomwita aone, alikohoa kwanza.

"Mama, hizo ni jeni," akasema. "Wamerithi kwa wazazi wao."

"Afadhali hao wamerithi kitu," nikamwambia.

Kagure alilia siku mbili kwa sababu ya mchele, halafu akasema bado anamtaka. Sawa. Desemba watu wa Ngatia wakashuka kutoka Nanyuki na suti zao, wakapewa githeri. Shangazi yake aliichokora na kijiko akitafuta mchele chini yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Ngatia nilimpelekea sahani yake peke yake, imefunikwa. Akafunua. Mchele mbichi, unatembea. Akauliza ni nini.

"Ni wanao," nikasema. "Umewalea miezi minane. Nimeona wasikose harusi ya baba yao."