Viatu Viwili vya Kushoto

Binti wa fundi saa alipohitimu digrii ya saikolojia, ukoo mzima ulimpongeza, kisha ukaanza kumuogopa. Mjomba alizungumza naye huku akitazama pembeni, eti asisomwe mawazo. Bibi alimletea ndoto zake azitafsiri. Mama peke yake ndiye aliyeuliza la maana: sasa utafanya kazi gani? Kutibu watu kulihitaji miaka mingine ya masomo, na ofisi zote alizopeleka barua zilimjibu kwa adabu kwamba zingemtafuta.

Aliyemfungulia mlango ni shangazi yake, mtunza stoo katika kiwanda cha viatu vya watoto. Kiwandani maji yalikuwa yamewafika shingoni. Kila wiki maduka yalirudisha maboksi, maana mteja alifungua boksi akakuta viatu viwili vya kushoto, au viwili vya kulia. Meneja aliamini wafungashaji wamekuwa wazembe, akataka mtu wa kuwanyoosha akili. Shangazi akamwambia anaye, tena wa damu yake. Binti akapata mkataba wa miezi mitatu.

Siku ya kwanza msimamizi wa ufungashaji, waliyemwita Kipaza kwa jinsi alivyofoka, aliwapanga wafanyakazi wote wasikilize mhadhara. Binti aliona mikono imekunjwa na macho yako sakafuni. Hakuhutubia. Aliomba aproni na nafasi mezani.

Wiki mbili alifungasha pamoja nao. Alikuwa mzito, wenzake wakamcheka, naye akajicheka. Kila mapumziko alikagua maboksi yaliyokwisha kufungwa, akaandika kwenye daftari: meza ipi imekosea, saa ngapi, nani alikuwepo. Chuoni somo la takwimu lilimtoa jasho, hapa lilimlipa. Makosa hayakumfuata mtu yeyote. Yalizidi saa za kazi nyingi, na yalitokea kwenye meza nne tu, zile zilizoletewa trei mpya.

Ila kwa nini, hakujua. Akakaa karibu na mfungashaji mkongwe aliyeitwa Mama Gundi, kwa kuwa aliwahi kufanya kazi kwenye gundi miaka kumi. Hakumuuliza kwa nini anakosea. Alimwomba amwonyeshe anavyofanya kazi inapomzidi. Mama Gundi alimkagua kwanza kwa macho, akipima kama ni mtego, kisha akamwonyesha. Viatu vilikuja vimeviringishwa kwa karatasi laini, umbo halionekani. Trei moja iliandikwa KUSHOTO, nyingine KULIA. Zikijaa, viatu viliegemea ukingoni vikafunika maandishi, zikabaki herufi mbili za mwanzo.

"Mimi nasoma KU, mwanangu," alisema Mama Gundi. "Huku KU, kule KU. Mkono unajichagulia wenyewe."

"Uliwahi kumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Hapa ukisema umekosea, umejiombea barua ya onyo."

Meneja alikuwa akisubiri orodha ya wakosaji. Binti alimpelekea ombi la makopo mawili ya rangi. Alimweleza kwamba angepaka trei za meza mbili, nyekundu kwa kushoto na njano kwa kulia, na meza mbili angeziacha zilivyo, ili baada ya wiki tatu walinganishe. Meneja alikuna kichwa, akakubali. Kipaza hakuamini hata chembe, akaapa kuhesabu mwenyewe.

Akahesabu. Meza zenye rangi zilikosea boksi moja. Zile nyingine zilikosea maboksi hamsini na mbili. Kipaza alirudia hesabu mara tatu, kisha akawakusanya watu wake na kuwaambia, kwa sauti ya chini, kwamba aliwaonea na anaomba radhi. Waliokuwa nyuma walimwomba arudie, maana hawakuzoea kumsikia akinong'ona. Watu wakacheka, naye akacheka.

Kesho yake alimfuata binti pembeni. Kijana wake mkubwa alikuwa haongei naye tangu mwaka jana; je, angeweza kumtibu? Binti alitamani kusema ndiyo. Badala yake alimwambia ukweli, kwamba hakusomea hilo, akampa anwani ya mshauri aliyelisomea. Alimsikiliza hata hivyo, mpaka chai yao ikapoa. Kipaza alienda kwa mshauri, na kijana akakubali kufuatana naye mara ya pili.

Mkataba ulipokaribia kwisha, meneja alimwita binti na kumpa kazi ya kudumu. Tatizo likawa jina la kazi. Meneja alipendekeza "mtaalamu wa akili", binti akakataa katakata. Walikubaliana aitwe mtafiti wa utendaji kazi, na sharti lake likaandikwa: anayemweleza kosa lake asiadhibiwe kwa kulisema.

Jumatatu alipelekwa idara ya kukata soli. Kabla hajavaa aproni, fundi wa mashine alimsogezea kiti, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nina mambo saba," alisema. "Tuanzie lipi?"