Kompyuta ya Papa

Fundi alimsikia kabla hajamwona. Kuna watu huingia dukani kwa mguu. Huyu aliingia kwa mdomo.

"Nani yupo humu? Leteni kompyuta ya kuzamia, ya kiume!"

Fundi alikuwa kwenye meza ya nyuma, anabadilisha mpira wa bomba la hewa. Akaiweka bisibisi chini taratibu, kama mtu anayejizuia na kisu.

Watu walimwita Papa, jina alilojipa mwenyewe, maana huko chini ya maji, kwa madai yake, hakuna kilichomtisha. Alikuwa mchumba wa fundi enzi zile fundi ana miguu miwili inayosikilizana, na kazi ya kufundisha watu kuzamia kwenye boti ya watalii. Siku mambo yalipoharibika walikuwa na kompyuta moja ya kuzamia, ile inayovaliwa kama saa, mkononi mwa Papa. "Moja inatutosha," alisema. "Wewe nifuate tu." Huko chini akadondosha tochi, akamwonyesha fundi kwa kidole: kaniokotee. Fundi akaifuata tochi kilindini, Papa akabaki juu yake anapepea mapezi.

Sasa, kompyuta ile haina habari na jirani. Inahesabu gesi inayoingia kwenye damu ya aliyeivaa, basi; na aliyeshuka chini zaidi hubeba gesi zaidi, hupaswa kupumzika njiani akipanda. Ikamwambia Papa yuko salama kupanda, wakapanda wote wawili. Papa alifika juu akaomba chai. Fundi alifika damu inachemka mapovu kama soda iliyotikiswa, na mguu wake wa kushoto haukurudi tena kuwa mzima.

Mguu pengine angeusamehe. Lakini Papa aliwaambia wote botini kwamba mchumba wake aliogopa kisamaki, akapanda mbio kama kizibo. Fundi anatoka hospitali, hadithi ya kisamaki imeshazunguka bandari nzima na kuongezewa mkia. Nahodha akamwondoa kazini. Nani atamwamini mwalimu anayekimbizwa na kitoweo?

Dawa yake iko jikoni, fundi alijiambia, na miaka yote hiyo hakuwahi kuzima moto.

"Kumbe ni wewe!" Papa aliangua kicheko alipomwona akichechemea kuja mbele. "Bado unachechemea? Basi tupunguzie bei, sisi ni watu wa nyumbani. Huyu ndiye mke wangu mtarajiwa. Tunaoana, kisha fungate baharini."

Kando yake alisimama msichana mwenye miwani, mwalimu wa chekechea, sauti imekauka kidogo kwa kupigia watoto kelele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibuni."

Fundi akafungua droo ya chini. Mle ndani kulikuwa na kompyuta moja ya kupendeza: kioo kipana, mkanda mweusi, na kipimo cha kina kilichokufa nusu. Uko chini kabisa, yenyewe inakwambia uko katikati. Mteja aliirudisha zamani, na fundi badala ya kuitupa akaihifadhi. Hakuwahi kujiuliza anaihifadhia nini. Alijua.

"Hiyo hapo!" Papa alishaiona. "Hiyo ndiyo yenyewe. Nipe."

Vidole vya fundi vikaizunguka. Mzamio mmoja tu wa kiburi, na Papa angejua mguu ukigoma unavyouma.

"Na mimi nachukua ipi?" mwalimu akauliza.

"Wewe ya nini, mpenzi? Moja inatutosha. Wewe nifuate tu."

Maneno yale yale, hata kituo hakikubadilika. Fundi alimtazama yule msichana, akaitazama miguu yake, yote miwili, ndani ya viatu vya bluu. Akaisukuma droo kwa goti. Ikajifunga kwa kishindo.

"Ile mbovu," alisema. "Na kompyuta haivaliwi na watu wawili, kama vile meno ya bandia. Mdogo wangu, chukua hii. Maandishi makubwa, betri unabadilisha mwenyewe."

"Dada, samahani. Mguu ulifanyaje?"

"Aliogopa kisamaki!" Papa alidakia.

"Mwulize," fundi alisema, "nani alidondosha tochi."

"Tochi gani?" mwalimu akamgeukia mchumba wake.

"Tochi... ah, mambo ya kale hayo. Wewe, nionyeshe yangu!"

Fundi akampa nzima, mpya, ya kuringia. "Nikupangie?"

"Panga, panga. Mimi sisomi vitabu vya maelekezo."

Akampangia usalama wa juu kabisa, ule wanaopangiwa wazee na wagonjwa wa moyo, na mlio akaupandisha hadi mwisho. Kisha akamweleza kila kitu, neno kwa neno, bila kuficha: "Itakuamuru upumzike njiani kabla ya wenzako. Ukipanda mbio, italia. Ukipuuza, itajifunga siku mbili, na hakuna boti itakayokushusha na kompyuta iliyojifunga. Umesikia?"

"Ndiyo, ndiyo," alisema Papa, anajitazama kwenye kioo chake.

Mwalimu yeye alisikia.

Baada ya fungate alikuja dukani peke yake, na kabla hata ya salamu akavuta kiti.

"Dada, siku ya kwanza tu! Mashine zetu zote zinasema tungoje, yake imeanza zamani. Akanivuta mkono tupande. Nikautoa. Mimi nina watoto thelathini wa namna ile, sivutwi. Akapanda peke yake."

"Ikalia?"

"Ililia! Boti nzima ilitoka kutazama. Mara akaambia watu imeharibika, mara umemroga. Nahodha akaichukua, akaona imejifunga, akamwambia kaa hapo. Siku mbili, dada, anatunza taulo zetu. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nikamwuliza mbele ya wote: tochi alidondosha nani?"

"Akasemaje?"

"Akafoka: 'Nilidondosha mimi, nilimtuma mimi, basi, mmeridhika?' Nahodha akavua kofia. Anasema ni yeye aliyekufukuza. Anaomba namba yako."

"Angoje kidogo," fundi alisema. "Mimi nilingoja."

Alijaribu kumwonea huruma Papa na taulo zake. Alitafuta kila mfuko wa roho yake, hakuikuta. Akachechemea hadi kabatini, akatoa kompyuta ya aina ile ile, akaibonyeza mahali pa kujaribia mlio. Ikapiga yowe, mpita njia akachungulia dirishani.

"Ililia hivi?"

"Hivyo hivyo, dada."

Fundi akaiegemeza kwenye chupa ya gundi, akavuta kiti karibu na mgeni wake, akaiacha ilie.