Ubao wa Kaka

Mimi nina hasira za karibu, na marehemu mama alilisema hilo tangu nikiwa mtoto. Kwa hiyo nikikuambia kwamba usiku ule sikumpigia mtu kelele, ujue jambo lilikuwa limenikaa rohoni.

Kazi yetu ni kuwapeleka watu kwa kayaki usiku kwenye ghuba ndogo iliyozungukwa na mikoko, wakatazame maji yanayowaka. Ndani ya maji yale kuna vijidudu ambavyo mchana huvioni hata ukodoe macho namna gani, lakini usiku ukivigusa tu vinatoa mwanga wa samawati. Ukipiga kasia, kasia linawaka. Samaki akishtuka, unauona mwendo wake wote. Watu wazima na ndevu zao wanapiga kelele kama watoto. Giza ndiyo bidhaa yetu, kwa hiyo tochi ni marufuku, na simu zote zinabaki ufukweni ndani ya ndoo yenye kifuniko, hata yangu.

Ghuba ina mlango mmoja mwembamba, na maji yakipwa mlango wote unakuwa tope. Ndiyo maana tuna ubao. Kaka yangu ndiye mwenye kayaki na ndiye anayeshika kitabu cha maji kujaa na kupwa. Kila jioni anaandika kwa chaki saa ya mwisho ya kutoka. Zamani waongozaji wawili walibishana hukohuko ndani, huyu anasema tutoke, yule anasema bado, hadi wakapinduana mbele ya wageni. Tangu siku hiyo ikawa sheria: aliye majini habishani na ubao. Miaka minane nimeutii ubao ule kuliko nilivyomtii mwalimu yeyote.

Safari ile ilikuwa yangu ya mwisho. Nilikuwa nimepata nafasi chuo cha mabaharia, baada ya kuomba mara tatu. Barua ilisema niripoti kesho yake kabla ya saa nne asubuhi, na asiyefika, nafasi anapewa anayefuata. Basi lilikuwa moja tu, la saa kumi na moja alfajiri. Kaka nilipompa habari alisema, "Hongera," kisha akaenda kuosha kayaki ambazo zilikuwa zimeshaoshwa. Wiki nzima hakuongeza neno. Nyumbani tumebaki wawili tu, na chakula tulikuwa tunakula kimya kama watu waliogombana.

Jioni ile ndipo akaniambia, "Mdogo wangu, nipelekee hawa watatu. Ya kuagana."

Nikakubali. Na mimi nilitaka kuyaaga yale maji.

Ubaoni palisomeka: kutoka, saa tano. Wageni wangu walikuwa maharusi wawili kwenye kayaki moja, bwana harusi akiwa na maneno mengi kuliko makasia, na mzee mmoja aliyestaafu udereva wa malori, peke yake kwenye kayaki ya pili. Usiku ulikuwa wa giza totoro. Maji yaliwaka siku ile, we acha tu! Bibi harusi alichota kiganjani akajipaka mashavuni, na mumewe akasahau hata kujisifu. Mimi mwili ulikuwa pale, akili ilishapanda basi.

Saa nne na nusu, kwa saa yangu ya mkononi, nikasema tugeuze. Tulipofika mlangoni, kayaki ya maharusi ikasimama.

"Kasia limegoma," bwana harusi akasema.

Nikatia mkono kando ya kayaki yangu. Vidole vikazama kwenye tope. Kwenye kidimbwi kilichobaki, vijidudu vichache vilimulika pale nilipovigusa, kisha vikazima.

"Tumekwama," nikawaambia. Sikuona sababu ya kuzungukazunguka.

"Hadi saa ngapi?"

"Maji yatarudi saa kumi na moja."

"Haiwezekani!" bwana harusi akasema, kama vile bahari ilikuwa inamsubiri yeye atoe ruhusa.

Mzee dereva akacheka. "Miaka thelathini nimekwama na malori, kijana. Tulia, na roho yako itulie."

Lakini mimi sikuweza kutulia. Nilikuwa nahesabu. Mwezi uliopita, giza kama hili, ubao ulisema saa tatu na nusu. Mwezi wa kabla yake vilevile. Mwezi ukiwa gizani, maji huja na kuondoka karibu saa zilezile, kila mtu wa kazi hii anajua, hata mimi najua, ila nilikuwa nimeshaacha kufikiri kwa sababu ubao unafikiri kwa niaba yangu. Nikamweleza mzee. Naye akauliza:

"Anayeandika amewahi kukosea?"

"Hata siku moja."

"Basi hakukosea," akasema.

Lo! Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto. Kaka yangu, tumbo moja!

Mzee akaniambia niende. Nikipita topeni kwa kuisukuma kayaki na kuilalia, kwa saa mbili ningefika ufukweni, ningewahi basi. "Sisi tutakaa tu hapa. Hatuna pa kuanguka."

Nikashuka. Tope likanimeza hadi mapajani. Nikajivuta hatua kumi, labda kumi na tano, huku natukana kwa sauti ya chini. Nyuma yangu bibi harusi akaanza kulia. Hakuniita. Alilia tu, gizani, asijue maji yatarudi kutoka upande gani. Nami nikasimama pale, mguu hauendi mbele wala haurudi, nikaelewa kila kitu. Kaka hakutegemea tope. Alijua sitawaacha wageni. Alinifunga kwa tabia yangu mwenyewe.

Nikarudi. Nikakaa. Mbu walitula vizuri sana usiku ule, na nililia bila aibu kwa sababu hakuna aliyeniona. Kilichoniuma zaidi nitakisema: wiki nzima ile nilikuwa nasubiri kaka aniambie usiende. Kila tulipokaa kula nilisubiri.

Saa kumi na moja na dakika kumi kayaki zikaanza kutikisika. Maji yalipotosha kuelea, karibu saa kumi na mbili, tukaona tochi inakuja. Alikuwa kaka, na chupa za maji ya kunywa na kamba. Maharusi wakampigia makofi.

"Poleni sana jamani," akawaambia. "Nilikosea saa."

"Mwezi uliopita uliandika saa ngapi?" nikamuuliza.

Akazima tochi. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, uso wake niliuona vizuri. Ulikuwa umevimba kwa kulia.

"Nilianza kuandika saa tatu na nusu," akasema. "Mkono ukakataa. Nyumba ile nitakaa na nani, mdogo wangu?"

"Ungeniomba."

"Ningekuomba ungebaki?"

"Ningebaki."

Nilisema kweli tupu. Laiti ningekuwa namdanganya, ningepumua. Mzee dereva akageuza uso upande wa mikoko.

"Lakini si umebaki," kaka akasema taratibu, akitaka kunishika mkono.

Nikauondoa mkono wangu. "Nimebaki. Haya, furahi."

Hakufurahi. Aliinamia kasia lake akalia mbele ya wageni, na mimi sikumbembeleza. Niliwahesabu wageni wangu, mmoja, wawili, watatu, nikawaambia wanifuate, tukatoka.